Baba wa kambo mbele ya sheria

Binti yangu wa kambo nimemlea tangu hajaanza shule. Juzi mama yake kasafiri, nikaenda kumfuatilia pasipoti. Karani akapitisha kidole kwenye cheti cha kuzaliwa: "Mzee, jina lako halimo humu." Iliniuma sana. Ada nalipa mimi, homa zake za usiku nimekesha nazo mimi!

Wakili kanifungua macho. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inanitaka nimtunze mtoto niliyempokea kwenye familia, wazazi wake wakishindwa. Ila nikifa bila wosia, hana fungu. Hiyo si haki kabisa. Kumuasili, yaani kumfanya mwanangu kisheria, kunahitaji amri ya Mahakama Kuu, na kwa kawaida ridhaa ya baba yake mzazi. Jumamosi naenda kwake na mjomba wa mtoto. Wosia nimeshaanza kuuandika.