Vepu ya shemeji na daftari la mashua: nilivyotoka kwenye sigara

Nilianza sigara nikiwa na miaka 17, kwenye mashua ya ami yangu, tukingoja maji yajae tupite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kwetu Lamu. Kufika miaka 38 nilikuwa namaliza pakiti ya sigara 20 kwa siku, na safari ya kulala Kiwayu ilitaka pakiti mbili. Nimejaribu kuacha mara nne. Kila nikifika siku ya tatu nilikuwa sisemezeki, nawafokea watoto kwa kijiko tu kuanguka, mpaka mama yao akaniambia: "Baba watoto, kaivute tu tupumzike." Neno lile lilinikaa moyoni.

Nikaijaribu vepu, sigara ya umeme inayogeuza juisi ya nikotini kuwa mvuke. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ile ya kutupa, kijiti kisicho na kitufe wala kioo. Haikunifaa hata kidogo. Ilikuwa na utamu wa peremende, nikawa naivuta hata kitandani, mahali ambapo sijapata kuwasha sigara, na sigara zenyewe sikuziacha. Mwezi mzima nikavuta vyote viwili.

Baada ya Maulidi ya mwaka 2024 shemeji yangu akaja kutoka Mombasa. Yeye aliacha sigara kwa toleo la kwanza la kifaa fulani, na mimi akaniletea toleo la pili, lililoboreshwa. Lile lake la kwanza lilikuwa na nguvu moja tu, utake usitake, na kikombe cha juisi kilijazwa kwa chini, kwa hiyo kilimvujia mfukoni kila joto likizidi. Hili jipya linajazwa ubavuni, lina kizibo cha mpira kinachobana, na kikombe chake ni cha mililita 2. Koili, kile kipande kinachopasha juisi moto, inachomolewa peke yake bila kutupa kikombe. Betri ni ya miliampea-saa 1,000, na waya wa kuichaji ni ule ule wa simu yangu. Ubavuni kuna kilango kidogo cha kusogeza kwa ukucha, cha kubana au kuachia hewa. Halafu kuna kioo, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kinachoonyesha wati, chaji iliyobaki, na idadi ya mivuto ya siku.

Shemeji alinikalisha barazani akanifundisha. Koili imeandikwa omu 0.8, yaani ukinzani wake wa umeme, na wati 12 hadi 16. Ndani yake kuna wavu mwembamba wa chuma uliozungukwa na pamba, na pamba hiyo lazima inywe juisi kwanza. Ukishajaza, ngoja dakika kumi. Ukivuta pamba ikiwa kavu inaungua, na koili iliyoungua haiponi, utaonja kitambaa kilichoungua mpaka uibadilishe. Nilichoma mbili kwa haraka zangu.

Tulianza na juisi ya nikotini miligramu 20 kwa mililita, wati 13, na hewa nimeibana hadi mvuto ukawa mzito kama wa sigara. Hewa hiyo ndiyo iliyokosekana kwenye kijiti changu cha kwanza. Koo langu lilikuwa linatafuta uzito ule. Siku ya tisa, gatini Mokowe, niliwasha sigara nikaona inanuka. Nikaitupa nusu. Sijawasha nyingine.

Lakini nikotini ilikuwa ingali pale pale. Vepu haichomi tumbaku, kwa hiyo hupati lami ya moshi, ila uraibu ni ule ule, na mimi sikutaka kubadilisha bwana tu. Hapo ndipo ile namba ya mivuto ikawa na kazi. Kila usiku nikaiandika kwenye daftari la mashua, chini ya hesabu ya mafuta na nauli: 150, 142, 155.

Baada ya mwezi nikapunguza makali. Nilichanganya juisi ya 20 na ile isiyo na nikotini, nusu kwa nusu, ikawa 10. Siku tatu daftari likasoma 230, 241, 226. Nilishtuka. Mwili ulikuwa unalidai deni lake kwa mlango wa nyuma. Nilipokitazama kioo vizuri nikakuta nimepandisha wati hadi 16 bila kufikiri, na wati zikipanda kila mvuto unatoa mvuke mwingi zaidi. Kama si zile namba ningeapa kwamba nimepunguza nusu. Nikazirudisha 13, nikafunga kitufe zisibadilike, nikajiwekea sharti: sishushi makali tena mpaka mivuto irudi chini ya 160. Ilichukua wiki tatu. Ndipo nikashuka 5, sehemu moja ya juisi ya 20 kwa tatu za ile tupu, na mwishowe 3.

Bahari nayo ilitaka adabu yake. Chumvi inaingia kwenye tundu la chaja, na betri ya lithiamu haifai kuachwa juani. Kifaa nilikiweka ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, chini ya ubao wa tezi.

Siku moja binti yangu wa miaka minne aliokota chupa ya juisi yenye picha ya stroberi. Kifuniko chake ni cha kubonyeza ndipo kizunguke, hakuweza kukifungua. Nilitetemeka. Nikotini ya majimaji ni sumu kwa mtoto, hata ikimmwagikia kwenye ngozi. Tangu siku ile chupa zilikaa kwenye kidaka cha juu kabisa, nyuma ya masahani ya bibi, na kifaa nikawa nakizima kwa kubonyeza mara tano kila nikikitua chini.

Ramadhani ya 2025 ilinikuta kwenye 3. Mvuke unafuturisha kama moshi, kwa hiyo mchana hakuna. Magharibi ya kwanza nilikula tende moja nikakimbilia vepu, nikapata kizunguzungu hadi nikashika ukuta. Siku ya pili nikala kwanza, nikaswali, nikanywa uji. Namba ikawa 41. Kumi la mwisho nikajaza juisi tupu, isiyo na nikotini, wala sikufoka nyumbani.

Idi shemeji akaja, akakichukua kifaa akatazama kioo: 9. Akaniuliza, "Ami yako bado anavuta?" Bado. Nikatia koili mpya na kikombe kipya, nikaufuta mdomo kwa spiriti, hewa nikaibana, wati 13. Nikampelekea Matondoni, pamoja na daftari jipya na kalamu.