Droni yetu na hesabu ya gramu

Kabla ya kununua hata skrubu moja, mimi na rafiki zangu watatu tulikubaliana kwamba droni yetu tungeichora wenyewe, na kwamba fremu yake ingetengenezwa kwa vitu vinavyopatikana hapa Dar es Salaam. Fremu za plastiki zilizo tayari zinauzwa mtandaoni kwa bei ambayo isingetushinda, na mtu anayetaka kupiga picha za harusi tu sina sababu ya kumshauri vinginevyo. Sisi tulitaka kujua ni nini hasa kinachokifanya chombo kile kipae na kutulia hewani, na kwa hilo ilitubidi tuanze na karatasi, kalamu na mizani.

Wazo lilitoka kwa mwenzetu aliyeshiriki, alipokuwa mwanafunzi, katika Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015 wa kuchora ramani za maeneo ya jiji yanayokumbwa na mafuriko. Huko ndiko alikoiona kwa karibu eBee, ndege ya povu yenye bawa pana na uzito wa takriban gramu 700, ambayo hurushwa kwa mkono na kupiga picha angani kwa zaidi ya nusu saa. Droni ya mota nne yenye uzito kama huo kwa kawaida hukaa hewani kwa muda mfupi zaidi, na sababu yake ndiyo iliyotuongoza katika kila uamuzi uliofuata. Bawa hubebwa na hewa linapokwenda mbele, hivyo mota yake hubaki na kazi ya kusukuma tu, ilhali droni ya mota nne hubeba kila gramu yake kwa nguvu ya mota tangu inaponyanyuka hadi inapotua. Hata hivyo tulichagua mota nne, kwa kuwa mitaa tunayotaka kuipiga picha imebanana na haina mahali ambapo ndege ya bawa ingeteremka kwa usalama.

Mota tulizonunua ni za aina ya 2212 zenye KV 920, maana yake kila volti moja huzipa mizunguko 920 kwa dakika zisipokuwa na mzigo. Moja ikifungwa panga (propela) la inchi 10 na kupewa betri ya lithiamu ya seli tatu, hutoa msukumo wa takriban gramu 800, kwa hiyo zote nne hutoa kama gramu 3,200. Kanuni ya wajenzi ni kwamba msukumo wote uwe angalau mara mbili ya uzito wa chombo, na droni yetu bila kamera ina gramu 920, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Kishawishi cha kuijaza nafasi hiyo kwa betri kubwa zaidi kilikuja mara moja, na tukakijadili kwa jioni nyingi. Tatizo ni kwamba uzito ukiongezeka mara mbili kwa mapanga yale yale, nguvu inayohitajika ili chombo kielee tu hupanda karibu mara 2.8. Betri ya mAh 5000 (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) ina nishati zaidi ya mara mbili ya ile ya mAh 2200, lakini sehemu ya nyongeza hiyo huliwa na kazi ya kujibeba yenyewe. Tulibaki na ndogo, ambayo hutupa kama dakika 10 bila kuishusha hadi kiwango cha kuharibu seli.

Mikono ya fremu ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mafundi alumini wanaotengeneza madirisha hubakiwa na vipande vifupi ambavyo havina kazi tena kwao, na mmoja wao alituuzia bomba la pembe nne lenye upana wa milimita 12 na unene wa milimita 1. Kipande cha sentimita 20 kina gramu 24 hivi. Tulikifunga upande mmoja kwenye jiliwa ya meza, tukaning'iniza chupa ya maji ya lita moja upande wa pili, na kwa macho hatukuona kikipinda. Mabamba mawili ya katikati tuliyakata kwa plaiwudi ya milimita 3, na fremu nzima pamoja na skrubu zake ikawa na gramu 180, chini ya fremu nyingi za plastiki za ukubwa huo.

Alumini ina kasoro yake: hupitisha mtetemo wa mota moja kwa moja hadi kwenye bodi ya urukaji, ambayo huhisi mwinamo wa chombo na kurekebisha kasi ya mota mara 400 kwa sekunde. Bodi inayotikiswa hudhani chombo kinayumba hata kama kimetulia. Sisi tunatumia ArduPilot, programu huria ambayo huandika kumbukumbu ya mtetemo katika kila safari, na kiwango kilicho chini ya mita 30 kwa sekunde mraba kwa kawaida hukubalika. Tuliiweka bodi juu ya vipande vinne vya sponji vilivyokatwa kwenye godoro la zamani, kisha tukasawazisha kila panga kwa kubandika utepe mwembamba upande uliokuwa mwepesi. Sawazisho hilo lilisaidia kuliko sponji.

Majaribio ya mwanzo tuliyafanya ndani, droni ikiwa imefungwa kamba kwenye matofali, kwa sababu kurusha nje kunahitaji usajili wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na kibali cha Wizara ya Ulinzi, na ninaona ni sawa anga ya jiji lenye uwanja mkubwa wa ndege ilindwe hivyo.

Sasa tumefika kwenye kamera. Mmoja wetu anataka iwe na mkono wenye mota za kuituliza, jambo ambalo lingeongeza kama gramu 170. Mimi nataka ifungwe chini ya bamba ikitazama ardhi, kwa kuwa picha za ramani hupigwa hivyo. Ameahidi kufidia sehemu ya uzito huo kwa kutengeneza miguu ya kutulia ya mianzi. Ya sasa ina gramu 64. Ya mianzi ikishuka chini ya 40 na ikahimili kutua, nitakubali mkono wake ufungwe.