Kupe na Swali la Mpwa Wangu

Juzi huko ushago mpwa wangu alikuwa akimng'oa ndama kupe masikioni, mmoja mmoja, anawatumbukiza kwenye mkebe wa mafuta taa. Bila kuinua macho akaniuliza: "Shangazi, kupe akinyonya damu ya mnyama mgonjwa, mbona yeye haugui?" Nikamwambia angoje tumalize kukama. Sikumjibu, na usiku kucha mawazo yangu yalikuwa maabara, enzi zile za Mzee, daktari aliyetuongoza.

Kazi yetu ilikuwa virusi vya ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, uliotambuliwa hapa hapa mwaka 1910. Kondoo wageni, wanaotoka sehemu zisizo na kupe, unaweza kuwafyeka hadi tisa katika kila kumi. Anayeueneza ni kupe wa kahawia wa masikioni, yule yule anayewapa ng'ombe ndigana kali. Sisi hatukufuga kupe, tulifuga seli zake. Varma na wenzake kule London walitangaza mwaka 1975 kwamba wamefaulu kuziotesha zikadumu, na papo hapo wakazijaribu kwa virusi. Ni seli za kumaliza subira. Hazihitaji gesi ya kaboni, zinakaa kwenye mirija iliyozibwa, joto la nyuzi 28 au 32 hivi, na kila wiki unapunguza maji ya lishe ya zamani na kuzipa mapya. Ukizigawa kabla hazijasongamana, zinasusa.

Basi tukaambukiza safu mbili: seli za kupe, na seli za figo za hamsta, yule mnyama mdogo kama panya, ambazo kila maabara inazo. Siku chache baadaye nikaketi kwenye darubini. Za hamsta zilikuwa zimekwisha. Zile zilizokuwa zimetandazika bapa, zimeshikana bega kwa bega, sasa zilikuwa vidonge vidogo vinavyong'aa, vimeachia plastiki na kuelea. Palipokuwa na utando pamebaki mapengo. Nikachukua mrija wa kupe. Kimya. Nyingine mviringo, nyingine zimerefuka na kutoa mikia, ndani zimejaa punje nyeusinyeusi, vile vile zilivyokuwa kabla. Nikasogeza mrija taratibu toka upande hadi upande nikitafuta hata moja iliyonyong'onyea. Nikauweka kando ya mrija wa seli zisizoambukizwa, nikaangalia huku, nikaangalia kule. Ungenibadilishia mirija nisingejua upi ni upi.

"Daktari, hizi hazikushika," nikasema.

Mzee hata hakuja kuangalia. "Chukua maji yake, uzipe seli nzima za hamsta."

Maji hayo yalikuwa yameshabadilishwa tangu tulipoambukiza, na seli zilioshwa, kwa hiyo mabaki ya kirusi cha mwanzo hayakuwa maelezo ya kutosha. Nikafanya alivyosema. Zile seli nzima za hamsta nazo zikaporomoka. Seli za kupe zilikuwa zikizalisha virusi muda wote huo, na zenyewe zinaendelea kugawanyika kama kawaida.

Kwenye daftari kulikuwa na safu ya "madhara kwa seli". Nikaandika sifuri, na pembeni, kwa virusi, "chanya". Mkaguzi mmoja baadaye alizungushia duara jekundu akidhani nimejichanganya. Wacha wee!

Mzee alisema kupe na kirusi wameelewana siku nyingi. Kupe asiyepata damu anaweza kukaa nacho zaidi ya miaka miwili, na jike anakipitisha mpaka kwenye mayai. Mimi sikukubali. Seli za kupe zina njia ya kukatakata ujumbe wa kijeni wa kirusi kisizaliane kupita kiasi, na kazi hiyo haina likizo. Majirani wanaolala na panga chini ya kitanda hawajaelewana. Mzee alicheka, akaniambia nitaje basi ni nani katika hao wawili anayepata hasara. Nikataja kondoo. Akasema kondoo hakuwa kwenye swali.

Amestaafu sasa, na bado tunabishana hilo kwa simu. Mpwa wangu nimemwambia kupe huugua kidogo tu, jibu ambalo Mzee amelikataa na mimi mwenyewe silipendi.