Ukuta wa bakteria na slaidi niliyoiharibu

Nilipokuwa mwanafunzi wa maabara, nilipewa slaidi yenye usaha wa jipu nikaambiwa niipake rangi kwa njia ya Gram. Niliiacha kwenye spiriti muda mrefu kupita kiasi, na nilipoinamia hadubini nikaona viduara vilivyoshikana kama kichala cha zabibu, lakini vya waridi, ilhali vilipaswa kuwa vya zambarau. Mwalimu hakunikemea, aliniuliza tu spiriti ile ilikuwa imetoa nini, na imekitoa wapi. Swali hilo lilinifundisha muundo wa seli ya bakteria kuliko michoro yote niliyokuwa nimeinakili daftarini.

Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, aliichapisha njia hiyo mwaka 1884 alipokuwa akifanya kazi Berlin, akitafuta namna ya kuwaona bakteria ndani ya vipande vya mapafu ya maiti. Rangi ya zambarau hutangulia. Hufuata iodini, ambayo huungana nayo ndani ya seli. Kisha spiriti husafisha, na mwisho hupakwa rangi nyekundu, hatua iliyoongezwa na wengine baada yake.

Jibu la swali la mwalimu limo katika ukuta. Ukuta huo umefumwa kwa peptidoglikani, yaani nyuzi za sukari zilizofungwa pamoja na vipande vifupi vya asidi amino, mfano wa wavu. Kwa bakteria wanaobaki na zambarau, nyavu hizo zimepangwa tabaka juu ya tabaka hadi unene wa nanomita 20 hadi 80, na spiriti inapozikausha matundu hubana, rangi ikanaswa ndani. Wale wa waridi wana wavu mwembamba mno, na juu yake utando wa nje wenye mafuta, ambao spiriti huuyeyusha. Hata ukuta mnene, hata hivyo, huachia rangi ukichelewa, na hilo ndilo lililonipata.

Ndani ya ukuta na utando wa seli mambo ni machache kuliko katika seli zetu: hakuna kiini wala mitokondria, vijisehemu vinavyoipa seli nishati. DNA ya *Escherichia coli*, ambayo ni duara moja, ingenyooshwa ingefika takribani milimita 1.6, nayo imekunjwa ndani ya mwili wenye urefu wa mikromita 2 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Pembeni huweza kuwapo plasmidi, viduara vidogo vya DNA ambavyo bakteria hupeana, na mara nyingi usugu wa dawa husafiri humo. Ribosomu zao, yaani viwanda vya protini vya seli, nazo ni ndogo kuliko zetu, na dawa ya tetrasaiklini hutumia tofauti hiyo.

Lakini mimi hurudi kwenye ukuta, kwa kuwa bila huo shinikizo la maji yanayoingia lingeipasua seli. Penisilini huzuia nyuzi zisifungwe pamoja, hivyo bakteria anayekua hupasuka, wakati seli za binadamu, zisizo na ukuta wa aina hiyo, hazina cha kuharibiwa kwa njia hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, mfugaji anayemchoma penisilini ng'ombe mwenye homa ya mapafu ya kuambukiza (CBPP) anapoteza fedha zake: ugonjwa huo husababishwa na *Mycoplasma*, bakteria asiye na ukuta kabisa.

Bakteria wa kifua kikuu ni kinyume chake. Ukuta wake umejaa asidi za maikoliki, mafuta mazito kama nta, kiasi kwamba rangi za Gram hazimshiki vizuri. Tunapopima makohozi kwa njia ya Ziehl-Neelsen tunapasha moto rangi nyekundu juu ya slaidi ili ipenye, kisha tunaosha kwa spiriti iliyochanganywa na asidi, ambayo ni kali kuliko ile iliyoniharibia slaidi ya jipu, na vijiti vyembamba vinabaki vyekundu vilevile juu ya usuli wa buluu.