Nilivyogawa spidi ya waifai nyumbani baada ya kuwalaumu watoto bure

Hapa kwetu tuko saba na laini yetu ni megabiti 10 za kushusha na 5 za kupandisha, inatosha kabisa ukiigawa vizuri, ila mi kwa miezi kama minne sikulijua hilo, kila nikiwa kwenye kikao cha kazi sauti inakatakata, wenzangu wanasema hatukusikii, nanyanyuka naenda sebuleni nawazimia watoto katuni. Naumia nikikumbuka maana hawakuwa wao.

Siku moja watoto wako shule, TV imezimwa, na neti bado inasuasua. Nikapiga ping kwenye laptopu, yaani kupima ujumbe mdogo unachukua muda gani kwenda na kurudi, siku za kawaida jibu linarudi ndani ya milisekunde 20 hivi, siku hiyo zinapita 900! Nikapita chumba hadi chumba naangalia simu moja moja, kumbe shemeji katoka harusini jana yake na simu yake tangu asubuhi inapandisha mavideo yote Google Photos.

Hapa ndo wengi tunapokosea, tunahangaika na kushusha tu. Ukiwa unashusha vitu, mara nyingi kifaa chako kinabidi kirudishe majibu kwamba nimepata, na majibu hayo yanapita njia ya kupandisha. Njia ikijaa video za harusi, majibu yanakaa foleni, basi hata kushusha kunazorota wakati megabiti zipo. Kwa hiyo ukiweka limiti usisahau upande wa kupandisha, tena uanze nao.

Ruta yangu ni TP-Link TL-WR841N ya zamani. Unafungua brauza unaandika 192.168.0.1, unaingia, unatafuta menyu ya "Bandwidth Control". Inakuuliza spidi ya laini nzima, "Egress" ni kinachotoka na "Ingress" ni kinachoingia, na inahesabu kwa kilobiti, megabiti 10 ni 10,000. Mi niliandika 9,000 kwenye Ingress na 4,500 kwenye Egress, yaani nimepunguza kidogo makusudi ili foleni iwe kwenye ruta ambako naitawala mwenyewe, isiende kujaa huko mbele kwa kampuni.

Afu kabla ya kuweka sheria, kila kifaa kipe anwani ya kudumu kwenye menyu ya DHCP, ndo inayogawa anwani za mtandao kwa vifaa, sehemu ya "Address Reservation", la sivyo kesho simu inapewa anwani nyingine na limiti yako inamwangukia mtu mwingine. Hapa nilipoteza jioni nzima. Namba ya MAC, yaani ile ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao, niliichukua kwenye simu ya shemeji, kule kwenye maelezo ya simu, nikaiweka, wapi! Simu za siku hizi, Android kuanzia ya 10 na iPhone kuanzia iOS 14, zinaingia kwenye waifai na namba ya kubuni. Kwa hiyo kwenye mipangilio ya waifai ya nyumbani chagua itumie namba halisi ya simu, ukishaunganisha upya hakikisha namba hiyo ndo inaonekana kwenye orodha ya ruta.

Mgao wetu uko hivi: laptopu ya kazi nimeihakikishia 3,000 za kushusha na 1,500 za kupandisha hata nyumba ikijaa wageni, TV isizidi 5,000 na YouTube ya 1080p inacheza vizuri tu, simu ya shemeji kupandisha mwisho 800. Nilimwambia kabla, sikutaka kumbana mtu kimyakimya ndani ya nyumba anayoishi. Simu ya Mama sijaigusa.

Watoto niliwaomba msamaha, mkubwa akaniuliza kwa hiyo tunaweza kuangalia hata ukiwa kazini, nikamwambia ndiyo.

Juzi shemeji kaenda harusi nyingine. Video zake zilipanda usiku kucha hadi mchana polepole, mi nikamaliza kikao changu bila kukatika, na chumba cha pili namsikia Mama anaongea kwa video na mama mdogo wa Tanga, anamwonyesha kitenge alicholetewa.