Kodi juu ya dawa ya shangazi

Jamani, leo nimerudi nyumbani roho inaniuma.

Nilimsindikiza shangazi kununua bangi ya tiba hapa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Ana saratani, na tangu aanze kemo, yaani tiba ya dawa kali za saratani, chakula hakikai tumboni. Ohio iliruhusu tiba hii kwa sheria ya 2016, na kadi ya mgonjwa anayo.

Tulianzia famasia, tukachukua vidonge vyake vya kichefuchefu. Kodi: 0.00.

Kwenye duka la bangi ikaongezwa kodi ya mauzo: 5.75% ya jimbo, na ya kaunti juu yake. Kisa? Daktari huku haiandikii cheti cha dawa, anaipendekeza tu, kwa hiyo haihesabiwi pamoja na dawa za cheti, ambazo hazitozwi kodi hiyo. Ni kweli, wenye kadi hawatozwi ile 10% ya ziada wanayolipa wanaovuta kwa starehe. Lakini bima nayo hailipi hata senti.

Shangazi alizishika risiti zote mbili, akapitisha kidole kwenye mstari wa kodi.

"Mwanangu, ugonjwa si ni uleule?"

Nilikosa jibu. Kwangu mimi, mgonjwa asitozwe kabisa.

Mlio majimbo mengine, huko kwenu wanatozaje? Niambieni.