Kumbukumbu ya mradi wangu: kufunga kisomeo cha kidijitali kwenye lethi ya zamani

Lethi yangu, yaani mashine ya kukereza vyuma, ni Colchester Student, mashine ya Uingereza iliyoundwa kwa vipimo vya inchi, na bangili zake (pete zenye alama kwenye usukani) zimegawanywa kwa elfu za inchi. Kazi ninazoletewa huja kwa milimita, kwa hiyo kwa miaka mingi nimekuwa nikikumbuka kwamba mstari mmoja wa bangili ni milimita 0.0254 na kupiga hesabu huku mkono uko kwenye usukani. Shafti ya beringi ya 6205 ndiyo iliyonichosha. Tundu la beringi hiyo ni milimita 25, na ili ikae kwa kubana kidogo, shafti inatakiwa kuzidi hapo kwa maikroni (elfu za milimita) 2 hadi 15 tu, nafasi ambayo ni finyu kuliko mstari mmoja wa bangili. Isitoshe, skrubu ya slaidi ya kukingama, inayosogeza kisu kuelekea kwenye kazi, imelika kiasi kwamba usukani huzunguka karibu robo nzima kabla slaidi haijasogea.

Kisomeo hakiondoi ulegevu huo wa skrubu. Kinachofanya ni kupima slaidi yenyewe ilipo, bila kujali skrubu imezunguka kiasi gani, na hilo ndilo nililohitaji.

Nilinunua skrini moja na rula mbili zinazoipelekea vipimo. Ya urefu wa kitanda, yaani mwili mrefu wa mashine, ni ya kioo, inayosoma kwa hatua za maikroni 5. Ya slaidi ya kukingama ni ya sumaku, nyembamba, inayosoma kwa maikroni 1, na hapa sikutaka kubana matumizi: kisu kikisogea kiasi fulani, kipenyo hupungua mara mbili ya kiasi hicho, hivyo hatua ya maikroni 5 ingekuwa 10 kwenye kipenyo, na nafasi niliyo nayo kwenye shafti ile ni maikroni 13.

Jumamosi ya kwanza ilikwisha kwenye mgongo wa kitanda. Upande huo haukuchongwa kiwandani. Ni kasti (chuma cha kumimina) yenye mabonde na rangi nene, kwa hiyo rula haikuweza kulala juu yake moja kwa moja. Nilitengeneza vibebeo viwili vya bamba la alumini vyenye skrubu ndogo za kusawazishia, nikatoboa kwa biti ya milimita 5 na kukata nyuzi za M6. Kasti hutobolewa bila mafuta, na unga wake mweusi ulinijaa hadi kwenye kope. Kisha nikafunga geji ya saa kwenye kareji, sehemu inayotembea juu ya kitanda, na kuitembeza juu ya mwili wa rula toka mwanzo hadi mwisho. Mara ya kwanza sindano ilionyesha tofauti ya milimita 0.6, wakati maelekezo yaliruhusu 0.1. Nililegeza, nikaweka kipande chembamba cha bati la shaba, nikakaza, nikapima tena, hadi ikabaki 0.07. Midomo ya mpira ya rula nimeielekeza chini, ili chenga na maji ya kupozea visipate njia ya kuingia.

Slaidi ya kukingama ilinifanya nifikiri kwa siku tatu. Upande wa chaki, taya zinazoshika na kuzungusha kazi, rula ingepigwa na chenga za moto kila siku. Upande wa pili ingefunika bolti ya kukazia kareji na kugongana na kichwa cha nyuma, kinachoegemeza ncha ya pili ya kazi. Nilichagua upande huo wa pili. Kabla sijafungua chochote, nilikereza kirefusho cha bolti chenye kichwa cha pembe sita, ili spana iifikie kwa juu. Wakati wa kutoboa slaidi nilizungushia biti utepe kama alama ya kina, kwa sababu biti ikipitiliza na kutokea kwenye njia za slaidi, hakuna dawa.

Kila kitu kilipowashwa, nilikutana na tatizo ambalo sikulitarajia. Slaidi ikiwa imekazwa kabisa, namba za kipenyo zilianza kutembea zenyewe mara mota ilipozunguka. Mota yangu ya fezi tatu huendeshwa kwa inveta, kifaa cha kubadilisha umeme, kwa kuwa nyumbani nina umeme wa fezi moja, na waya wa rula nilikuwa nimeupitisha kwenye bomba moja na waya wa mota. Niliutoa, nikaupitisha upande mwingine wa mashine, nikabadilisha waya wa mota kwa ule wenye ngao ya wavu, na waya zote za ethi nikazikutanisha sehemu moja. Namba zikatulia.

Jaribio la kwanza nililifanya mbele ya mzee aliyenifundisha kazi. Nilikata, nikapima kwa maikromita, nikaiandikia skrini kipenyo hicho, kisha nikapunguza hadi skrini ikasoma 25.010. Maikromita ikasema 25.018. Mzee aliishika shafti, akasema, "Bado ina moto hii, kijana. Iache." Chuma cha kipenyo hicho kikizidi joto la karakana kwa nyuzi 30 hutanuka karibu maikroni 9. Tuliiacha hadi ikapoa kabisa, na maikromita ikasoma 25.010.

"Kwa hiyo hizi bangili huzitaki tena?" aliniuliza. Nilimjibu, "Bado nazitaka, mzee. Slaidi ya juu haina rula." Hilo ni jambo la kuangalia: nikiisogeza slaidi ya juu, ile ndogo inayobeba kisu juu ya slaidi ya kukingama, skrini haina habari, kwa hiyo sasa huikaza kabla ya kuanza kazi. Umeme ukikatika pia, skrini husahau sifuri yake. Rula ya kioo ina alama za kurudishia, lakini kwa kipenyo mimi hugusa upya sehemu niliyokwisha kuipima.

Vilevile kitanda kimelika karibu na chaki. Shafti ya milimita 200 ilitoka na tofauti ya 0.02 kati ya ncha mbili, ilhali skrini ilionyesha namba ileile njia nzima. Bado kufunga kifuniko cha alumini juu ya rula ya sumaku. Bamba nimeshalikata, nasubiri skrubu za M4.